Springi Tatu za Klachi ya Baba

Nyumba Na. 7,
Nyuma ya Hospitali.
Jumapili, tarehe 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu Spana,

Salamu nyingi zikufikie popote zitakapokukuta, iwe juu ya ngazi au ndani ya shimo la lifti mnayoitengeneza safari hii. Hujambo? Mgongo umepoa? Wifi yangu na watoto hawajambo? Yule mdogo ameacha kukohoa, au bado mnampa dawa na yeye anaitemea kwenye chungu cha maua?

Sisi huku tuko salama. Mama macho yanamsumbua kidogo, ingawa akitaka kuona kosa la mtu huliona toka ng'ambo ya barabara. Mimi nipo na cherehani zangu mbili, sare za shule zimenifika shingoni na kila mzazi anataka ya kwake leo. Baba naye nitamfikia. Vuta subira.

Barua yako ya mwezi uliopita niliipata. Mistari minane, na mitano kati ya hiyo ni ya hali ya hewa. Mtu una miaka minne hujatia mguu nyumbani, halafu unaandika kama karatasi inakuuma. Ningekupigia simu nikwambie haya, lakini kwenye simu ningepiga kelele, na Baba masikio yake bado ni mazima. Kwa hiyo kaa chini usome.

Habari yenyewe ni ya mashine ya Baba ya kukatia nyasi. Usianze kusema unaijua. Najua unaijua, na hapo ndipo penye ugomvi wangu na wewe.

Tangu hospitali walipomstaafisha wakampa ile mashine yao ya zamani kama zawadi, Baba hajakosa kwenda. Kila baada ya Jumamosi mbili anaisukuma mpaka pale bustani ya mbele, anaiwasha, anakata. Hakuna aliyemtuma. Anasema mashine za siku hizi zinazozungusha kisu kimoja kama feni zinachanachana majani, wakati hii ya kwake, yenye visu vilivyojipinda kwenye pipa linalozunguka, inakata kama mkasi. Hapo simpingi, mimi ni mtu wa mikasi. Wagonjwa wanaoweza kutembea hutolewa nje asubuhi wakakaa kwenye yale mabenchi, na siku ambayo Baba amekata utaona wengine wanavua ndala waikanyage ile bustani. Baba huwatazama miguu yao tu, basi, ameshiba.

Sasa mvua zilipokwisha, mashine ikazidisha vituko. Injini inanguruma, lakini ikifika kwenye mteremko wa mlango wa wagonjwa wa nje, inagoma kupanda. Klachi inateleza. Baba anaisukuma kwa tumbo. Nyuma yake zinabaki nyasi ndefu kama nywele za mtu aliyemkimbia kinyozi.

Hospitali wamepata msimamizi mpya wa majengo, bwana mdogo mwenye kalamu tatu mfukoni. Akamwita Baba akamwambia kwa adabu zote: mzee, tunakushukuru, ila nakupa Jumamosi mbili. Kama mashine haitakata sawasawa, kazi wapewe vijana wa kampuni wenye mashine zao. Unadhani Baba alitueleza? Hata. Alirudi akala, akasifu mboga. Habari nilizipata kwa muuguzi mmoja aliyekuja kupunguziwa sketi, na sindano nusura nimchome nayo.

Nikamwambia Baba, lete mashine niifungue. Mtu anayefungua cherehani akaifunga ikashona, atashindwa na klachi? Akasema, "Iache, mama. Imezeeka, nami nimezeeka, tunaelewana." Nikamwambia kwamba msimamizi haelewani nanyi wote wawili. Akasema tena niiache. Kesho yake akasema niiache. Spana, nilimwomba baba yangu ruhusa ya kumsaidia siku nne mfululizo, kama mtu anayeomba kuiba. Siku ya tano alipokwenda kunyoa, nikaiburuta mwenyewe hadi uani.

Sitakuchosha na kila bolti, ingawa mimi zilinichosha. Ile nati kubwa ya katikati nilipambana nayo tangu asubuhi hadi adhana ya mchana. Nimeipiga nyundo, nimeimwagia mafuta ya taa, nimeitukana. Nikamwita Profesa, fundi pikipiki aliyehamia pale kona, akaja anatafuna kijiti. Akaitazama, akanitazama. "Dada, hii inafunguka kinyume. Tangu asubuhi wewe unaikaza." Akaigeuza upande wa pili, ikatoka. Halafu akakaa kabisa kwenye ndoo acheke vizuri.

Ndani kulikuwa na sahani tano, nyeusi kwa mafuta. Unazijua: kila sahani ina matundu, na kila tundu lina kipande cha kizibo, vile laini vya gome la mti vya kuzibia chupa, ili zishikane zisiteleze. Vipande vilikuwa vimelika vimebaki kama karatasi. Nikakusanya vizibo mtaa mzima, nikavichemsha vilainike, nikavipachika kimoja kimoja kwa kidole gumba, kisha nikavisugua kwa msasa mpaka vikalingana. Sufuria niliyochemshia ilikuwa ya Mama. Hilo nalo lina maneno yake, na bado hayajaisha.

Halafu nikafika kwenye springi. Pana vikombe sita vya kukalia springi, zilizomo ni tatu. Moja ipo, moja haipo, moja ipo, moja haipo, zimepangwa kwa mzunguko. Springi haidondoki kwa mpangilio, mdogo wangu. Hapo paliingia mkono wa mtu. Na mtu wa mwisho kufungua mashine ile ni wewe, wiki moja kabla ya safari yako, ulipojifungia uani na Baba mchana kutwa mkisema mnaisafisha.

Nilikutukana hapo hapo, nisamehe. Nilisema hivi ndivyo ulivyo tangu utoto, unafungua redio ya watu, unaifunga, vinabaki vipande viwili mkononi unaviweka mfukoni. Nikamuuliza Baba. Akaniambia, "Imekuwa hivyo siku zote," akaondoka kwenda kuangalia nyanya ambazo alikuwa ametoka kuziangalia.

Nikarudi kwa Profesa, tukapekua boksi lake mpaka tukapata springi tatu za klachi ya pikipiki zenye urefu ule ule. Nikazipima kwa futi yangu ya kushonea, nikazitia, nikafunga. Sita kamili, kama ilivyotoka kiwandani. Nikaiwasha uani. Unakumbuka inavyofanya kazi: ukibana kishikio cha kushoto inasimama, ukiachia inakwenda. Nilipoachia iliruka kama mbuzi aliyekatiwa kamba. Kishikio kilikuwa kigumu, kweli, lakini mkono unaokata kitambaa cha sare tabaka kumi kwa mkasi haubabaiki. Nilijisikia fundi, sikufichi. Baba alisimama mlangoni akasema, "Umefanya kazi safi," na macho yake yalikuwa kwenye ua.

Jumamosi ya kwanza nikamfuata hospitali. Nilisema nampelekea chai, lakini nilikwenda kusifiwa.

Kabla ya kuiwasha, akakibana kile kishikio kwa mikono miwili, akakifungia na komeo lake dogo. Niliona. Nikadhani ni mbwembwe za wazee. Akawasha, akafungua komeo, mashine ikaondoka, na, Spana, ikapanda ule mteremko bila kusita. Nyuma yake palibaki njia moja iliyonyooka. Wagonjwa wawili wakageuza shingo kutazama. Hata yule msimamizi alitokea dirishani na kikombe chake.

Mwisho wa mstari Baba alitakiwa abane, asimame, ageuze. Hakusimama.

Niliona bega lake likijikunja. Niliona mwili mzima unavuta kile kishikio, nacho hakitikisiki. Mashine ikavuka ukingo, ikaingia kwenye maua mekundu, ikayanyoa kuanzia mwanzo hadi mwisho, ikaelekea kwenye benchi. Mzee mmoja wa magongo alikuwa amekaa pale. Watu wakamnyanyua kwapani, magongo yakabaki. Baba hakuiachia mashine, alikuwa anaburuzwa, goti moja limeshagusa chini. Nilikimbia nikapiga kile kibati cha kuzimia juu ya plagi, ikazima, hatua mbili kutoka kwenye benchi. Gongo moja, lililoangukia nyasini, lilikuwa tayari limeshalika ncha.

Watu wote wanatutazama. Na baba yako, mtu mwenye heshima zake, akajipangusa goti, akawageukia, akasema, "Ni binti yangu huyu. Ameikaza mno klachi. Nilimwambia aiache."

Nikaomba radhi kwa mzee wa magongo, kwa muuguzi, kwa msimamizi, kwa maua. Nikaambiwa mbele za watu kwamba kazi za mashine si mchezo wa cherehani. Nikaisukuma hiyo mashine mpaka nyumbani nikiwa mbele, Baba nyuma. Nilikuwa na hasira za kupasua jiwe. Siku zote hizi nimezungushwa, nimechekwa na Profesa, nimegombana na Mama kwa sufuria, halafu ndiyo shukrani.

Alasiri akaja kwenye chumba changu cha kushonea na kopo la maziwa. Akalimimina juu ya meza, juu ya sare. Springi tatu, zimepakwa grisi vizuri, na kipande cha karatasi. Mwandiko wako naujua, hata herufi zako zinaegemea kama mtu mvivu. Umeandika: *Springi 3 za klachi. Zisirudishwe.*

Nikamtazama. Akaunyoosha mkono wa kushoto juu ya meza, akajaribu kufumba ngumi. Vidole viwili vilikuja. Vitatu vilibaki pale pale, kama si vyake.

Akaniambia vilianza kabla hujaondoka. Alikwambia wewe, na wewe ukatoa springi tatu ili klachi iwe laini, aweze kuibana kwa vidole viwili. Ndiyo maana ikawa inateleza. Na kila mwaka inateleza zaidi, na kila mwaka yeye anasukuma kwa tumbo, na mimi nikaja na futi yangu nikairudisha kama ya kiwandani.

Sasa sikiliza linalonitia wazimu. Miaka mitatu iliyopita Baba aliniambia nimshonee mashati ya kuvaa kwa kichwani, yasiyo na vifungo. Yote. Nikamtania kwamba uvivu wa uzee umemwingia, kesho ataniomba na suruali ya mpira kiunoni. Akacheka, nami nikamshonea ya mpira, kwa mzaha, na akaivaa. Anaivaa mpaka leo. Mimi ndiye niliyempima mabega, kifua, mikono yote miwili, mara ngapi sijui. Nimeushika ule mkono kwa futi nikaandika urefu wake kwenye daftari. Sikuuona. Nimejikasirikia kuliko nilivyokukasirikia wewe, na wewe nimekukasirikia sana.

Nikamuuliza kwa nini akuambie wewe asiniambie mimi, mimi ninayekaa naye, ninayemshonea, ninayemsikia akikohoa. Alizikusanya zile springi moja moja kwa mkono wa kulia, akazirudisha kwenye kopo kabla ya kunijibu.

"Yeye alikuwa anaondoka," akasema. "Wewe ningeyakuta macho yako kila siku mezani."

Nikachukua sare nikaendelea kushona, na nilishona mfuko kwa ndani.

Imebaki Jumamosi moja, nikawaza. Nikizitoa springi, klachi itateleza na kazi imekwenda. Nikiziacha, itamuua yeye au mgonjwa wa watu. Nilikwenda kwa Profesa kuuliza kama kishikio kinaweza kurefushwa kiwe chepesi. Akapima, akatikisa kichwa, akasema kitakuwa chepesi kweli ila kitajitanua mbali kiasi kwamba vidole vya mtu havikifikii. Tulijaribu kukihamishia kulia. Kulia ndiko kuna kishikio cha kuongezea mafuta, na mkono mmoja hauwezi yote mawili. Profesa alichoka, akasema, "Dada, mashine hii inataka mtu mwenye mikono miwili, basi."

Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Asubuhi nilivaa viatu vya kufunga, nikamkuta Baba anaitoa mashine. Nikashika mpini upande wa kushoto. Akasema niache. Nikamwambia neno hilo nimelisikia vya kutosha mwezi huu, ashike kulia twende. Halafu akashika kulia.

Tulikata bustani nzima wawili. Yeye anaongoza na kuongeza mafuta, mimi nabana na kuachia. Mistari mitatu ya kwanza ilikuwa aibu, tulikuwa tunakanyagana kama maharusi wasiojua kucheza. Yeye anaamuru kama nahodha: "Bana. Geuza. Achia. Achia, mama, si umeambiwa achia." Nimefokewa asubuhi nzima, nina miaka arobaini na nne. Kiganja kimechubuka, na leo mkasi siwezi kuushika. Ila ule mteremko ulipanda, na nyasi zikalala upande mmoja zote.

Msimamizi akaja na kalamu zake. Akainama, akapitisha kiganja juu ya nyasi. Akauliza mbona leo mko wawili. Nikafungua mdomo nijibu, Baba akaniwahi.

"Ninamfundisha kazi," akasema. "Bado mzito, lakini atashika."

Nikamwambia msimamizi ndiyo, najifunza. Akasema basi mwendelee, tuonane baada ya Jumamosi mbili, na yale maua tuyapande upya. Kwa hiyo nimepata kazi ambayo sikuiomba, haina likizo, na mwalimu wake ana kichwa kigumu. Wateja wangu wa Jumamosi sijui nitawaweka wapi. Haya yote, mdogo wangu, yangekuwa mepesi kama ungeniandikia mstari mmoja badala ya ile mitano ya mvua.

Mama anakusalimu na anasema ule kama mtu. Mjomba anakusalimu, ameng'oa jino na anataka kila mtu ajue. Profesa anakusalimu ingawa hamjuani, anasema aliyepanga springi zile tatu alijua anachofanya. Unisalimie wifi, na watoto waambie shangazi yao anawashonea, wanitumie vipimo, na wavipime sawasawa. Baba sikumwambia kwamba nakuandikia.

Siku ile mlikaa uani mchana kutwa. Klachi haihitaji mchana kutwa, sasa nimeifungua mwenyewe najua. Kwa hiyo naomba unijibu, na usiniandikie hali ya hewa. Alikwambia mkono tu, au kuna siri nyingine aliyokupa uondoke nayo?

Mungu akulinde juu ya ngazi zako, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata leo ambapo sitaki kukuona.